Thamani ya kazi ya sekretari: kati ya ofisi ya mwajiri na kibanda chako mwenyewe

Nilipoacha kazi yangu ya kwanza hapa Lubumbashi, baada ya miaka kumi na mmoja, nilikabidhiwa karatasi moja yenye muhuri. Ilikuwa na jina langu, namba yangu ya hifadhi ya jamii, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na neno moja la kueleza nilichokuwa nikifanya siku zote hizo: sekretari. Niliisoma nikiwa nimesimama karibu na Place de la Poste, nikaigeuza kuona kama kuna kitu kimeandikwa nyuma. Palikuwa peupe.

Kwa muda mrefu nilidhani ni dharau ya mwajiri. Baadaye nikaelewa kwamba alifuata sheria. Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri atoe cheti mkataba unapokwisha, kitaje aina ya kazi na muda wake, na inakataza kuongeza neno lingine. Nia yake ni njema: mfanyakazi asiandikiwe kwamba ni mvivu au mbishi, akafungiwa milango kwingine. Lakini katazo linalozuia matusi linazuia na sifa. Fundi wa kuchomelea akitoka kazini anaweza kukuonyesha geti alilotengeneza. Sekretari akitoka, kila alichokitengeneza kinabaki kwenye kabati la mwajiri.

Basi ule ujuzi unaishia wapi, na unapimwaje? Swali hili linawagusa watu wengi mjini kwetu, kwa sababu ni wachache wanaoishi kwa mshahara peke yake. Mwalimu anauza vitenge, nesi ana tanuri la mikate, mlinzi wa usiku ana mashine ya kunyoa nywele pale Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mimi nilipopata kazi ya pili, katika kampuni inayoshughulikia mizigo ya mpakani, nilifungua pia sekretaria publiki, yaani kibanda cha kuchapia watu na kutoa nakala, huko Katuba: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi na meza mbili. Asubuhi namfanyia mtu kazi, jioni najifanyia. Ni kwa kukaa pande zote mbili ndipo nilianza kuelewa kwa nini kazi hii ni ngumu kuipatia bei.

Shida ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ofisi ni kuzuia mambo yasitokee, na jambo ambalo halikutokea halina risiti. Nikupe mfano mmoja. Jioni moja, zimebaki dakika chache tufunge, nilikuwa napanga karatasi za lori lililokuwa liondoke alfajiri kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwenye fakitire (ankara) namba ya lori iliishia na herufi moja, kwenye karatasi nyingine iliishia na herufi tofauti. Kosa la kidole tu, la mtu aliyechapa amechoka. Nilipiga simu, nikarekebishiwa, nikaweka karatasi mpya ndani ya dosie, yaani faili la mzigo. Patron, yaani bosi, alipita, nikamweleza, akasema "Sawa, mama," akaendelea na simu yake. Lori likavuka.

Anayejua mpaka ule anajua herufi ile ingegharimu nini. Dereva angelala pale, angedai posho ya kila siku, maegesho yangelipwa, mteja angepiga simu kwa hasira, na mtu wa kampuni angepanda gari kupeleka karatasi iliyosahihishwa. Hakuna mahali popote kwenye hesabu za mwezi ule palipoandikwa kwamba siku hizo hazikupotea. Fundi wa gari akitengeneza injini, pesa zinatoka na kila mtu anaona. Sekretari akikuta kosa, pesa hazitoki, na huo ndio mwisho wa habari.

Yako mengine ya namna hiyo, madogo zaidi. Kodi ya mishahara inatangazwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, vilevile. Mtu mmoja katika ofisi ndiye anayebeba tarehe hiyo kichwani na kuanza kukusanya karatasi tangu tarehe 5. Saa tatu asubuhi kwetu ni saa mbili Kinshasa, kwa hiyo ukipanga mazungumzo na makao makuu kwa saa ya huku, utamkuta mwenzako bado yuko ndani ya taksi. Mteja fulani hapendi kupigiwa simu, anapenda ujumbe wa maandishi. Mgeni fulani aketishwe ndani na fulani angoje barazani. Yote haya yanaitwa kwa pamoja "kukaa biro", yaani kukaa ofisini, kana kwamba kazi ni kukaa.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani za Wabelgiji, karani Mkongomani alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani, na si bure kwamba viongozi wa kwanza wa nchi walitoka nyuma ya meza hizo: Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville (Kisangani ya leo), Joseph Kasa-Vubu karani wa idara ya fedha, na Mobutu jeshini alisomea usekretari na uhasibu huko Luluabourg (Kananga ya leo). Walijua barua inavyosafiri, nani anaisoma kwanza, na neno gani linaifanya irudishwe. Naamini ujuzi huo haujapungua uzito tangu wakati ule. Kilichobadilika ni anayeufanya: siku hizi mara nyingi ni mwanamke, na kazi ya mwanamke ina bahati mbaya ya kuonekana kama tabia yake ya kuzaliwa.

Sasa, kupima. Njia niliyoiona inafaa ni rahisi lakini inachosha: kwa wiki nne, kila jioni kabla ya kuzima kompyuta, andika mambo yote uliyofanya ambayo si kuchapa. Usiandike "nilisaidia". Andika: nilikuta fakitire mbili zenye namba moja, nilimkumbusha patron mkutano, nilipata mkataba wa mwaka juzi ndani ya dakika tatu. Kisha mbele ya kila jambo andika kitu kimoja tu: kama nisingelifanya, nani angelipa, na angelipa kwa nini, pesa au siku? Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilishangaa. Kuchapa, ambako ndiko watu wanadhani ni kazi yenyewe, kulichukua sehemu ndogo ya siku yangu.

Karatasi hiyo ina matumizi mawili. La kwanza ni mbele ya mwajiri. Wafanyakazi kwetu wanapangwa kwa ngazi, kuanzia manovri (kibarua) mpaka kada (meneja), na neno "sekretari" halikuweki kwenye ngazi moja daima. Kinachokuweka ni majukumu unayobeba kweli. Ukienda kuomba nyongeza na maneno ya "nateseka, maisha ni magumu", patron atakujibu kwamba naye maisha ni magumu. Ukienda na wiki nne zilizoandikwa, mazungumzo yanakuwa juu ya kazi. Mimi sikupata nyongeza niliyoitaka mara ya kwanza. Nilipata kubadilishiwa cheo kwenye mkataba, na miezi minane baadaye pesa zikafuata cheo.

La pili ni kwako mwenyewe, na hapa ndipo penye fundo kubwa zaidi.

Waswahili wanasema mganga hajigangi. Mwaka wa kwanza wa kibanda changu cha Katuba, mimi niliyekuwa najua mahali pa kila karatasi ya kampuni ya mtu, sikuwa na daftari. Pesa ziliingia kwenye boksi la biskuti chini ya meza. Kutoka kwenye boksi hilo zilitoka za wino, za unga wa bukari, za taksi, za matanga ya jirani, za likelemba (upatu) ya Ijumaa. Mwisho wa mwezi boksi lilikuwa tupu na mimi nikasema biashara haina faida. Haikuwa kweli. Sikujua kama ina faida au haina, na hilo ni baya zaidi. Methali ile ya mali bila daftari kupotea bila habari niliijua tangu darasa la tatu, na nilikuwa nimeitundika moyoni kwa ajili ya watu wengine.

Kwetu kuna jambo linalofanya daftari liwe la lazima kuliko miji mingi: sarafu mbili. Tunanunua kwa dola, tunauza kwa franka. Tuseme katoni ya karatasi yenye rimu tano ni dola 25, na dola moja ni franka 2,500. Katoni hiyo ni franka 62,500 kwa karatasi 2,500, yaani franka 25 kila karatasi kabla hujahesabu wino na umeme. Unauza fotokopi, unakusanya polepole zile 62,500 za kununulia katoni nyingine, unaziweka kando kwa furaha. Siku unapokwenda dukani, dola imefika 2,800. Katoni sasa ni 70,000. Umepungukiwa na franka 7,500, hakuna aliyekuibia, na kama huna safu ya kiwango cha siku kwenye daftari utamshuku msichana anayekusaidia. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya tofauti kama hiyo. Ndiyo maana daftari langu lina safu ya franka, safu ya dola, na kiwango cha siku kimeandikwa juu ya kila ukurasa kwa kalamu nyekundu.

Wengi hawajui kwamba sheria yenyewe inaomba daftari hilo. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na katika sheria ya biashara ya OHADA iliyorekebishwa mwaka 2010 kuna hadhi inayoitwa entreprenant: mtu mmoja anayejitangaza tu kwenye rejista ya biashara, bila mlolongo mzima wa kusajili kampuni, akafanya shughuli ya huduma, ya uuzaji, ya ufundi au ya kilimo. Imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Anachodaiwa ni kitabu kinachoandikwa siku kwa siku, kwa mfuatano wa tarehe: pesa zilizoingia na zilikotoka, pesa zilizotoka na zilikokwenda, na malipo ya mkononi yatenganishwe na malipo ya njia nyingine, kwa hiyo ya M-Pesa na Airtel Money yana safu yake. Kitabu kitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano.

Nilipoyasoma masharti hayo nilikaa kimya kidogo. Ni petite caisse, daftari la pesa ndogo ndogo za ofisi! Ni kile kile ninachofanya kila siku ofisini: tarehe, maelezo, kiasi, saini, risiti imebanwa nyuma. Mfanyabiashara mwingine analazimika kumlipa mtu amfundishe. Mimi nilikuwa nacho mikononi, na nilikuwa nimekiacha ofisini kila saa kumi na moja jioni kama mtu anayeacha mwavuli mlangoni.

Halafu kuna bei ya saa. Sheria inaweka saa 45 za kazi kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52, gawa kwa miezi 12, unapata saa 195 kwa mwezi. Tuseme mshahara wako ni dola 300: saa yako moja ofisini ni kama dola moja na senti hamsini na nne. Sasa tuingie kibandani. Mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa hamsini za mwandiko wa mkono, mnakubaliana dola 10. Karatasi, wino na mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme umekatika, vinakula dola 4. Unabaki na 6. Umechapa, umesahihisha, umepanga yaliyomo, umerudia ukurasa wa kwanza mara tatu kwa sababu profesa kabadilisha kichwa: saa sita. Umejilipa dola moja kwa saa, pungufu ya kile patron anachokulipa, na bado unajiita mwenye biashara.

Hesabu hii ilinifanya nibadilishe bei kwa namna moja mahususi. Kuchapa niliacha kwa bei ya mtaa, maana kila kona kuna anayechapa. Kazi ya kupanga nikaitenga: kusahihisha barua ya maombi ili isirudishwe, kuandaa dosie nzima ya mtu anayetaka kujisajili, kuweka karatasi za shirika dogo kwenye mafaili yenye majina. Huko ndiko kwenye ujuzi wa miaka kumi na mmoja ambao haukuandikwa kwenye cheti, na huko wateja wako tayari kulipa, mradi uwatajie bei kabla ya kuanza na usiitoe kama nyongeza ya bure. Mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, aliniletea mfuko wa plastiki uliojaa risiti za miaka miwili. Nilizipanga kwa mwezi, nikamwandikia jumla kwenye ukurasa mmoja. Aliutazama ukurasa ule, akauliza, "Hii ndiyo biashara yangu yote, mama?" Nikasema ndiyo. Aliukunja akauweka kifuani.

Watu waliniambia tangu mwanzo kwamba mshika mawili moja humponyoka. Sibishi; nimeona yakiponyoka. Lakini kinachoponyosha mara nyingi si uchache wa saa. Ni kuchanganya. Rimu ya ofisi inayoingia kwenye mkoba "kwa leo tu". Simu ya mteja wa kibanda inayopokelewa mbele ya patron. Na lililo zito kuliko yote, siri. Sheria ya Kazi inamkataza mfanyakazi kufichua siri za biashara za mwajiri wake na kushiriki ushindani usio halali dhidi yake. Sekretari anajua kila kitu: bei, wateja, madeni. Siku moja mtu alikuja kibandani akaniomba nimtengenezee fakitire yenye sura kama za kampuni ninayofanyia kazi. Alikuwa mpole, alikuwa na dola mkononi. Nilimwambia, "Papa, kazi hiyo hapa hatuifanyi," nikamhudumia aliyefuata. Tangu hapo nimejiwekea mpaka: kibanda changu hakigusi karatasi yoyote ya mizigo ya mpakani, hata ya halali. Nilimwambia patron kuhusu kibanda mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine, na nikasoma mkataba wangu tena kipengele kwa kipengele kuona kama kuna kinachonifunga. Ushauri wangu kwa yeyote ni huo huo, na ufanywe kabla ya kununua printa.

Kwa wanawake niongeze jambo moja, kwa sababu bado nasikia makarani wakiliuliza. Kwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987, mke alihitaji idhini ya mume kwa vitendo vya kisheria vinavyomfunga, na hapo ndipo safari ya wengi kuelekea kwenye rejista ya biashara ilikwama. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa idhini hiyo. Jisajili kwa jina lako.

Mwaka wa tatu nilimwajiri msichana wa mtaani kwetu, aliyemaliza humanités za komersiale, yaani sekondari ya biashara. Kuajiri kunakugeuza patron: kwa kila franka 100 za mshahara, CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inadai 13 kutoka kwako na 5 kutoka kwake, na yale yote uliyoyalalamikia ukiwa mfanyakazi sasa yanakutazama wewe. Nilidhani mimi nitakuwa tofauti, kwa kuwa najua. Nilimlipa kwa kazi ya kuhudumia wateja. Jioni, baada ya kufunga mlango, alibaki kuhesabu pesa, kujaza daftari, kupanga kazi za kesho, kuwapigia waliochelewa kuchukua karatasi zao. Saa nzima, wakati mwingine zaidi. Nilimwita mchapakazi na kumshukuru.

Jioni moja alikuwa anafunga hesabu, kalamu iko hewani, akaniuliza kwa heshima, bila kuinua macho, "Mama, hii saa yangu ya jioni naiandika upande gani?"

Nilivuta daftari karibu. Kulikuwa na safu ya pesa zilizoingia, safu ya zilizotoka, franka, dola, simu, kiwango cha siku. Nilitafuta kwa kidole, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha nikachukua rula na ile kalamu nyekundu, nikachora safu nyingine, na yeye akaandika ndani yake: saa 1, kupanga.